Wifi, Kome Wameruhusiwa Tena

Wifi yangu Mwajuma,

Wameruhusu. Leo asubuhi gari la matangazo limepita mtaani kwetu likisema maji ya ziwa yamepimwa, sumu imeisha, anayetaka kuvuna kome avune. Nilikuwa nafua. Nikabaki nimesimama na shati la mdogo wako mkononi, linachuruzika maji miguuni pangu, mpaka sauti ya gari ikapotea upande wa Rusimbi. Halafu nikakaa chini pale pale, kwenye tope la sabuni. Zuhura wako alikuwa shule. Mume wangu Idi alikuwa ufukweni na mashine zake za boti. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, na wewe ndiye niliyezoea kukupa habari kabla ya mtu mwingine yeyote, tangu nilipoolewa na mdogo wako.

Shikamoo, wifi. Nilipaswa kuanza na hilo.

Unakumbuka nilivyofika hapa Ujiji? Mimi mtoto wa Kidahwe, niliyekulia kwenye muhogo na migomba, ziwa nililiogopa kama mnyama. Wiki nzima sikushuka ufukweni. Wewe ukaja ukanishika mkono bila kuniuliza, ukanipeleka kwenye kile kighuba nyuma ya mawe, ukaniambia nivue ndala. "Usitazame maji, wifi. Sikiliza kwa nyayo." Nikapiga kelele nilipokanyaga kome wa kwanza, nikadhani ni kitu kinaniuma. Ulicheka mpaka kanga ikakudondoka majini. Wanawake wengine waliokuwa majini niliwaamkia kwa Kiha, kwa sababu Kiswahili kilinikimbia kwa woga, nao wakacheka. Basi tangu siku ile kila asubuhi ukawa unagonga dirisha langu, "Mwakeye, wifi!" kwa lafudhi mbovu kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Hukuwahi kuitamka sawasawa. Nadhani ulikuwa unafanya makusudi.

Kome wetu walikuwa na wateja wao. Si watu wengi hapa mjini wanaokula kome, wengine walitukunjia pua wakipita, na wewe ulikuwa unawaacha wapite, halafu unaninong'oneza, "Waache, wasiokula ndio wanaotuachia." Lakini wabeba mizigo na mafundi walikuja. Kome walioungwa kwa mawese na kitunguu, pilipili pembeni, ugali wa muhogo. Bosco, yule kijana fundi mwashi, alikuwa haambiwi kitu mbele ya sahani ile. Alikuwa anafika na vumbi la saruji mpaka kwenye kope, anakula kimya, anakuita mama, anaondoka.

Ndipo yakaja yale maji.

Jua lilikuwa limewaka siku nyingi bila upepo. Ziwa likatulia kupita kawaida, kisha pembeni likaanza kuwa la kijani, zito, linavutika kama mlenda. Lilinuka. Tulisema litapita, mbona miaka mingine huwa linabadilika rangi kidogo likarudi. Bata wa jirani wakafa, tukasema ni kideri. Tukaendelea kuvuna, tukaendelea kupika kwa maji yale yale, na wewe kama kawaida yako ukaendelea kuonja kila sufuria kabla ya mtu mwingine.

Yule dada wa idara ya uvuvi alipokuja na kipaza sauti, sisi wawili tulikuwa tumetoka kuvuna, beseni limejaa. Alikuwa msichana mdogo, ameshapoteza sauti, inaonekana alianza kutangaza tangu alfajiri. Akasema ni marufuku kuvuna kome, ni marufuku kula konokono na kaa, mtu asinywe wala asipikie maji ya ufukweni mpaka majibu ya vipimo yarudi. Mmoja akauliza, "Na tukichemsha?" Akajibu, "Hata mkichemsha, mama zangu. Sumu hii haifi kwa moto. Kome anaichuja kwenye maji, anaihifadhi mwilini mwake." Watu wakaguna. Sumu gani hiyo isiyokufa kwa moto? Kuna waliosema wakubwa wanataka kutufukuza ufukweni wajenge hoteli.

Wewe hukuguna, wifi. Hili nataka liandikwe mahali, hata kama ni kwenye karatasi hii tu. Wewe ulitii. Tulirudi nyumbani ukafunika sufuria kubwa kifudifudi, ukasema kome waliomo kwenye beseni tutawafukia kesho, leo umechoka. Wateja waliokuja mchana uliwarudisha na njaa yao. Watu wanasema ulikula kwa ubishi wa kukataa marufuku. Uongo. Hukubishana na marufuku hata kidogo. Ulikuwa unabishana na neno moja tu.

Kesho yake ndiyo siku yenyewe. Tulikuwa uani, wewe unatafuta jembe la kufukia kome, Mama Bosco akaingia bila hodi, na wanaume wawili nyuma yake. Kilemba kilikuwa kimemlegea. Bosco amepelekwa hospitali, anaungua homa, hamjui mtu. Alikula kwako juzi. Akasimama katikati ya uwanja akakuita muuaji. Hakunong'ona. Majirani wakaanza kujaa ukutani.

Nilikuona usoni. Nimekuona ukifiwa na mume, nimekuona ukiugua, sijawahi kuuona uso ule. Ulisema polepole, "Mama Bosco, mwanao nimemlisha miaka. Kwa chakula ninachokula mimi na mwanangu." Yeye akasema, "Basi ukile tukuone." Sijui kama alimaanisha. Mtu mwenye mtoto hospitali anasema lolote. Lakini wewe ulishageuka, ulishawasha moto.

Nilikusihi. Unajua nilikusihi. Nilikushika mkono wenye mwiko, nikakwambia yule dada amesema haifi kwa moto. Nikaimwaga ile sufuria ya kwanza kwenye majivu, ukachota kome wengine ukaanza upya, hukunikasirikia hata. Nikatuma mtu amwite Idi ufukweni. Ukaniambia kwa sauti ya chini, ile uliyokuwa unanitumia tukiwa wawili tu, "Wifi, nikinyamaza leo, Zuhura atakuwa mtoto wa muuaji mpaka anazeeka." Ukakaa kwenye kigoda mbele ya watu wote ukala. Hukula haraka. Ulikula kome mmoja mmoja, ukapangusa bakuli kwa tonge la mwisho, ukalionyesha kwa Mama Bosco jinsi lilivyo tupu. Idi alifika anahema, mikono imejaa oili, akakuta unanawa.

Watu wakatawanyika. Jioni ile ulikuwa unacheka, ukasema kumbe hata chumvi ulisahau.

Kilichofuata nisingependa kukukumbusha, wewe ndiye uliyekipitia. Kutapika. Macho kugeuka manjano kama mawese. Tumbo. Daktari alituambia ini linashindwa, na kwamba hawezi kuapa kama ni bakuli lile au ni siku zote zile ulizokuwa ukionja na kunywa. Alikuwa mkweli, namshukuru, ingawa ukweli wake haukunisaidia kitu. Uliondoka kwenye adhana ya alasiri. Mkono wako ulikuwa mkononi mwangu, na Zuhura alikuwa amekwenda kununua maji ya chupa kwa sababu uliomba maji.

Bosco alikuwa na homa ya matumbo, wifi.

Homa ya matumbo tu. Kome hawakumfanya kitu. Walimtibu, akapona, akatoka hospitali wewe ukiwa umeshazikwa. Alikuja matangani akiwa amekonda, akakaa mwisho wa mkeka na wanaume. Alipoletewa chakula alikishika tu mpaka kikapoa.

Na mama yake alikuja. Nilijiandaa kumfukuza, nilishayapanga maneno. Hakuingia ndani. Alipita uani moja kwa moja, akachukua sufuria za wageni, akaanza kuzisugua kwa majivu. Siku zote za matanga alifanya hivyo, hakunyanyua uso, hakuna aliyemsemesha. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akaniambia, "Nilikuwa nataka mtu wa kumtwisha kilio changu." Nikamwangalia. Kumchukia kunahitaji nguvu, na mimi nguvu zinaishia kwenye kuamka. Amehamia Katubuka kwa binti yake.

Nikupe habari za nyumba. Idi anakwenda kazini, anarudi, analala. Zamani alikuwa anaziongelesha zile mashine, nawe ulikuwa unamtania kwamba ana mke wa chuma. Sasa anazifungua na kuzifunga kimya. Hajatamka jina lako hata mara moja. Nikilitamka mimi, anatoka nje.

Zuhura yuko kwangu. Amerefuka, sketi ya shule imekuwa fupi. Hali chochote kilichotoka ziwani, si dagaa, si mgebuka, hata mchuzi wake hagusi. Hapa Ujiji, wifi, mtoto asiyekula samaki unamlisha nini? Maharage kila siku. Siku moja tukiwa tunachambua hayo maharage aliniuliza, bila hasira, "Shangazi, kwa nini watu wote wale waliangalia tu?" Ananiita shangazi siku hizi. Nilimwambia waliogopa. Akasema, "Walikuwa wengi." Akaendelea kuchambua.

Mtaani mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Hili ndilo linaloniua. Maji yamekuwa meupe, upepo umerudi, watoto wanaogelea. Hakuna kibao cha onyo kilichobaki, hakuna anayeuliza yale ya kijani yakirudi tutafanya nini. Mchana huu, baada ya lile gari kupita, nimeshuka mpaka kwenye kighuba. Wanawake walikuwa wameshaingia, wanacheka, wanatafuta kwa nyayo. Mmoja akaniita nije. Nilishindwa kukanyaga hata ule mchanga wenye unyevu. Niliwachukia kwa dakika chache, kisha nikakumbuka wana watoto, nao hawakupika lile bakuli. Nikarudi.

Nimeamua kuondoka, wifi. Shule zikifungwa namchukua Zuhura tunakwenda Kidahwe kwa mama yangu. Shamba lipo, shule ipo, na huko hakuna anayemnyooshea kidole. Nimemwambia Idi twende wote. Akasema, "Nikiondoka ziwani nitakuwa nani?" Sikumlazimisha. Hakunizuia. Ndivyo tulivyoachana, kama kweli tumeachana, tukiwa tumekaa kwenye kitanda kimoja, kila mtu anatazama ukuta wake. Ulituozesha wewe. Nisamehe kwa kukuletea habari hii pia.

Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa na furaha. Siwezi kukuahidi kwamba mdogo wako atatufuata. Ninachokiweza ni kimoja. Binti yako atakua akijua mama yake hakuua mtu, na atajua kwa mdomo wangu, si kwa mdomo wa mtaa. Akiniuliza mara mia nitamwambia mara mia, pamoja na sehemu zinazoniumiza. Akiolewa nitamwambia na mumewe.

Karatasi inaisha na sabuni imeshakauka kwenye shati. Mungu akuangalie, wifi, kwa sababu sisi tulikuangalia tu.

Wifi yako,
Pendo