Tafakuri na Mchi wa Jirani

Jumapili, Mbagala. Joto limenikaa kifuani tangu asubuhi, mawingu yametutisha kidogo halafu yakaenda zao. Mkono wangu wa kulia unauma. Najua kwa nini unauma, na ndiyo maana naandika.

Mimi ni fundi cherehani, na nina hasira. Nimezaliwa nazo. Miezi kadhaa iliyopita nilimshonea majoho mtawa mmoja wa Kibudha, mtu wa Sri Lanka, hekalu lao liko mjini. Alipokuja kuchukua nguo zake alinikuta namporomoshea mteja matusi. Hakunisema. Alinikaribisha tu nikakae nao Jumapili, na wala hakuniambia nibadili dini. Nikaenda. Swala zangu naswali kama kawaida, na Jumapili naenda kukaa kimya na Wabudha. Majirani wanasema nimepata mahali pa kusinzia bure.

Mtawa alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba kutulia siyo mwisho wa kazi. "Unatulia ili uone," alisema. Uone mateso yanaanzia wapi ndani yako, uyaachie palepale yanapoanzia. Hayo ya kuona sikuyashika. Nilitaka dawa ya hasira, kama mtu anavyotaka panadoli. Wateja walipoanza kunisifu kwamba siku hizi nimepoa, nikajua nimepona.

Jana asubuhi nilikaa chumba cha nyuma, mlango wa barazani wazi, nikafumba macho. Tumefundishwa kwamba ukisikia sauti, itambue kuwa ni sauti, kisha rudi kwenye pumzi. Nikasikia kitu kinakwaruza barazani. Nikasema moyoni: sauti. Kikagonga. Sauti. Nikarudi kwenye pumzi huku najipongeza.

Nilipofumbua macho na kutoka barazani, kwenye meza ya cherehani palikuwa na shimo tu. Kichwa cha cherehani hakipo.

Kile ndicho kinacholisha wanangu. Nilipiga yowe la "Mwizi!" nikadhani koo linachanika. Watu wakatoka kila uchochoro, na haukupita muda nikasikia makelele kwamba wamemkamata. Nikachomoa mchi kwenye kinu cha jirani yangu, Mama Nasra, nikakimbilia huko.

Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi. Walishampiga mtama, amelala kifudifudi kwenye tope la mtaro. Watu walinipisha kwa heshima, mwenye mali nimefika. Sikuuliza kitu. Nilimshushia mchi begani na nikasikia mfupa unavunjika. Baada ya hapo ikawa ruhusa kwa wote. Mateke, mawe, ubao wenye misumari. Tope likawa jekundu. Alikuwa anamlilia mama yake. Dereva mmoja wa bodaboda akaja anaviringisha tairi, mwenzake akawa anakinga petroli kwenye chupa ya maji.

Nikanyanyua mchi mara ya pili.

Hapo ndipo nilipoona. Sikuwa nimetulia hata kidogo, moyo ulikuwa unataka kunipasua kifua. Lakini niliiona mikono yangu inavyotaka, na chini ya ile hasira nikakuta kitu kingine kimejificha.

Raha.

Nilikuwa nafurahia kumpiga mtu, kama mwenye njaa aliyewekewa sahani.

Wenye tairi walitaka neno langu kwanza. "Mama Salma, ndo huyu?"

Nikamwangalia, shavu moja limetokeza kwenye tope. Mikononi hakuwa na kitu. Sura yake sikuwa nimewahi kuiona. Na ningeionea wapi? Mwizi alipokuwa barazani kwangu, mimi nilikuwa nimefumba macho.

"Mie sijui," nikasema. "Mwizi sikumwona."

"Sasa mbona umempiga?"

Mwingine akadakia kwamba kama siye, alikuwa anakimbia nini. Ile chupa ikasogea. Nikatupa mchi, nikajilaza juu ya yule mtu, nikawaambia wamwage tu, watuchome wote wawili. Nikala teke la mgongo na tusi ambalo siliandiki hapa. Kisha Mama Nasra akaja akakaa kwenye tope na kanga yake mpya, akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeita watoto waje kula. Hilo ndilo lililowavunja nguvu. Wakaanza kutawanyika wakinilaani.

Tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Cherehani haijaonekana mpaka sasa. Huenda aliichukua yeye akampa mwenzake, huenda alikuwa mpita njia aliyekimbia kwa kuwa watu wanakimbia. Sijui.

Leo sikwenda mjini. Nilikaa hapa chumbani, na kila nikifumba macho nasikia ule mfupa. Sikuufukuza. Nadhani nimeanza kumwelewa mtawa. Huku kukaa kimya hakukuwa kwa ajili ya kunipoza ili watu wanisifu. Ni kwa ajili ya kumwona yule mwanamke anayefurahi na mchi, nimwone mapema, wakati mkono wake bado uko chini. Jana nilichelewa kumwona kwa pigo moja.

Na pigo hilo, mwenyewe aliyepigwa hajui kuwa ni langu. Alikuwa kifudifudi akimlilia mama yake, hakuona wala kusikia ni nani. Kwenye bajaji alilaza kichwa mapajani kwangu, jicho moja limeziba kwa uvimbe, akanishika kidole. "Asante dada," akasema. "Wewe ndo umeniokoa. Mungu akulipe."

Nikaitikia amina.

Kesho, saa za kuona wagonjwa, nitakwenda wodini. Nitampelekea uji, na kabla hajaunywa nitamwambia nani alianza.