Wifi Yangu Alinifundisha Kukataa Mwaliko

Mpendwa Mama Zuleide, naomba msaada kabla sijapasuka kwa hasira, mimi ni Mhaiti, nimeolewa hapa Curitiba, Brazili, na Valdecir, Kireno bado nakiokota kidogo kidogo, na kwa kuwa kazi yangu ya kuoka mikate haijui Jumapili, nilimwomba wifi yangu Jucélia anifundishe kukataa mwaliko kwa adabu, naye akaniambia maneno mazuri kuliko yote, ya kumjibu mtu mzima, ni “Deus me livre”, nami kusikia Mungu yumo ndani nikaona hiyo ni heshima tupu, nikayakariri hata nikiosha vyombo. Basi tuko kwa mama mkwe, Dona Ivanilde, tunakunywa kahawa na majirani, akatangaza karamu yake ya kutimiza miaka sabini, akaniuliza, “Mwanangu, utakuja?” Siku hiyo nilikuwa na zamu. Nikamshika mkono, nikatabasamu, nikasema, “Deus me livre.”

Kumbe nimesema Mungu aniepushie mbali.

Jucélia alicheka mpaka akashika mbavu, mama akaingia jikoni kulia, na tangu hapo hapokei simu yangu. Valdecir ananiambia, “Ule ulikuwa utani tu, mke wangu, omba radhi yaishe.” Niombe radhi mimi? Nimeapa sikanyagi tena kwao. Nakosea?

Guerda

Guerda, hasira yako ni halali, nami nimekasirika pamoja nawe. Uliomba kufundishwa adabu, ukafanywa kichekesho, na Jucélia akamliza mama yake mwenyewe. Huo si utani, ni roho mbaya. Na huyo mumeo anajua ukweli wote, mbona hajamwambia mama yake?

Lakini nawe umenichosha. Mama wa watu anaamini umemchukia, wewe umenuna nyumbani. Yeye amekukosea nini?

Kesho ukitoka kazini nenda kwake, usipige simu. Valdecir mburute, na yeye ndiye aanze: “Mama, ni Jucélia aliyemfundisha vile.” Usiombe radhi kwa kosa la mwingine, mwambie tu kuwa machozi yake yamekuuma. Kisha mpe jibu ulilokusudia: “Adoraria, mas nesse dia não posso”, yaani ningependa sana, ila siku hiyo siwezi. Atakuelewa, na ataweka sufuria jikoni. Kaa ule.

Jucélia akikuletea somo jingine, mjibu “Não, obrigada”, hapana, asante, na ufunge mlango. Yeye hana haki ya kupewa sababu.