Kuanua Karafuu

Jumamosi, 21 Juni

Tumefika kwetu Kinole alasiri. Barabara ni ileile mbovu. Mwanangu Neema alitapika njiani, alipofika akalala moja kwa moja. Baba yake kabaki Dodoma kikazi. Afadhali.

Babangu tumemkuta juu ya mkarafuu. Mzee wa miaka sabini na kitu, juu ya mti. Alishuka taratibu, miguu inatetemeka. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama tumekula. Basi.

Nimefungua jiko la Mama. Vyungu viko vilevile alivyoviacha, kikubwa chini, kidogo juu. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nikaosha sufuria, nikabandika ndizi.

Jumapili, 22 Juni

Misa. Parokia nzima wananipa pole kana kwamba Mama amefariki jana. Alifariki Kwaresima. Nasema asante, tumshukuru Mungu. Inatoka yenyewe, kama ninavyoitikia wanafunzi wakinisalimia darasani.

Jioni Deo, mdogo wangu, amefika kutoka Dar na mkewe na watoto wao. Nyumba imejaa. Kila Juni shule zikifungwa tunajaa hivi: tunachuma karafuu, tunazichambua, tunaanika, tunakula, tunagombana kidogo. Mama ndiye aliyekuwa anatupangia kazi. Mwaka huu kila mtu amejichagulia. Wa kuchota maji hakupatikana. Nimechota mimi.

Jumanne, 24 Juni

Asubuhi kuchuma. Mchana kuchambua barazani, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Vidole vimekuwa vyeusi, vinanuka hadi kwenye chai. Mama mdogo Fausta, mdogo wake Mama, amepanda kutoka kwake bondeni kutusaidia. Kamwambia Deo, "Wewe wa Dar unachambua kama unachagua pipi." Wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Sauti ilitoka, lakini sikuona kichekesho.

Nikawa nawaza jinsi Mama alivyokuwa. Anapika humo ndani, hata hatazami nje, ghafla anapaza sauti: "Anueni!" Alikuwa anainusa mvua kabla sisi hatujaliona wingu. Upande huu wa mlima mvua haina kiangazi. Na Baba popote alipo, shambani, chooni, anajibu, "Naja, mwenye mji." Akimtania. Ila ndiyo ilikuwa kweli. Mji ni wa Mama. Ardhi ni ya ukoo wa Mama, na sisi watoto ni wa ukoo huo. Baba ni mtu wa Matombo. Alikuja hapa kuoa, na panga lake na nguo za kubadilisha. Mikarafuu yote hii kaipanda yeye, katika ardhi ya mkewe.

Alhamisi, 26 Juni

Karafuu zimelowa. Mchumo wote wa kwanza.

Naandika ilivyokuwa maana ni ujinga mtupu. Watu wazima wote tulikuwa barazani. Wingu lilipanda kutoka bondeni, tukaliona. Deo akasema, lile linakuja. Mkewe akasema ndiyo. Mama mdogo akalitazama, Baba akalitazama. Mimi nililitazama mpaka likafunika mlima. Hakuna aliyenyanyuka.

Tulikuwa tunamsubiri aite.

Mvua ilipopiga bati ndipo tukakimbia, tunagongana, watoto wanapiga kelele. Tukavuta maturubai yamejaa maji. Baba hakukimbia. Alibaki amekaa, mikono juu ya magoti. Nilipopita karibu yake nilimwona anatazama mlango wa jiko.

Ijumaa, 27 Juni

Karafuu zimeanza kupauka. Nyingine zina ukungu. Tumezianika hivyohivyo.

Leo kaja Mjomba Benedikto, mdogo wake Mama wa kiume, ambaye sasa ndiye mkubwa wa lukolo lwetu, ukoo wa upande wa Mama. Kapita kwenye maturubai, kaokota karafuu moja, kaivunja, kanusa, kaitupa. Akasema shemeji, yaani Baba, amechoka.

Amesema Jumamosi ya wiki ijayo ukoo unakaa. Jina la Mama litarithiwa. Halafu shemeji ataagwa, arudi kwao Matombo. Mume mkewe akifa anarudi kwa watu wake, ndivyo kwetu inavyokwenda. Kaongea kwa upole. Chai kanywa yote, kasifu mdalasini. Hana ubaya Mjomba. Nikamwongezea nyingine.

Baba alisema, "Nimesikia, shemeji." Akaenda kukagua mgomba.

Jumamosi, 28 Juni

Magimbi. Sikusikia ladha.

Jumatatu, 30 Juni

Deo anasema Baba akaishi kwake Dar. Deo ana vyumba viwili na sebule, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Baba akikaa pale ataisha. Deo anajua. Huko Matombo nako dada zake Baba wameshakufa wote. Watoto wao tunawaona misibani tu, na hata majina yao Baba huyachanganya.

"Wewe ndiye mkubwa, dada. Ongea na Mjomba," Deo anasema. Niongee nini? Mimi mpwa. Mpwa habishani na mjomba wake. Ninanyamazisha darasa la wanafunzi themanini kwa kuangalia tu, lakini mbele ya Mjomba Benedikto nakunja magoti na kusema ndiyo. Nilimwambia Deo aongee yeye. Akasema yeye naye mpwa. Tukaangaliana.

Ninapaswa kuwa na hasira. Najua mahali ingekuwa. Hapo pana ubaridi tu.

Alasiri nilimkuta Baba anazunguka na watoto kwenye mikarafuu. Anawaonyesha mmoja mmoja: huu nimeupanda alipozaliwa Koleta, huu Deo alipopata Komunyo ya kwanza, huu usipande hili tawi, ni bovu. Koleta ni mimi. Neema aliniambia, "Babu anatufundisha miti." Hakuwa anawafundisha. Alikuwa anakabidhi.

Jumatano, 2 Julai

Nimetwanga kisamvu na Mama mdogo. Akaniambia jina wamekubaliana nilichukue mimi. Nitaitwa Semeni, jina la nyumbani la Mama, ambalo naye alirithi kwa bibi yake. Nikasema sawa. Nimekuwa nasema sawa tangu Kwaresima.

Tukatwanga. Halafu akasema, hanitazami, anaondoa vijiti kwenye kinu, "Anayechukua jina si mpwa tena. Benedikto atakuamkia."

Nikauliza ataniamkia mimi?

"Atamwamkia dada yake. Si alikuwa mkubwa kwake? Na alikuwa anamfokea, unakumbuka."

Nakumbuka. Mjomba na mvi zake, amesimama mlangoni pa jiko, anafokewa kwa sababu ya mbuzi aliyekula mihogo, anasema samahani dada.

Mama mdogo akaendelea kutwanga. Kisamvu kikalainika. Alichota, akaenda kwake.

Ijumaa, 4 Julai

Tumechuma mchumo wa pili. Nimemkuta Baba anakunja mashati yake. Begi ni lile dogo la safari za hospitali. Hata halikujaa. Nikasimama mlangoni. Akasema, "Lile koti nimwachie Deo?" Nikasema sijui. Nikaenda kuosha mchele.

Sijui kama nitaweza kesho. Mdomo huu umezoea kunyamaza mbele ya Mjomba.

Jumamosi, 5 Julai

Wamekuja wengi kuliko nilivyotegemea. Mkeka, togwa, pilau la kuni. Watoto wameshikwa wasikimbie. Nilikalishwa kwenye mkeka, Mama mdogo akanifunika kanga ya Mama mabegani, ile ya rangi ya manjano iliyokwajuka. Bado ina harufu ya moshi wa jiko lake. Mzee mmoja wa ukoo akaitaja mizizi ya ukoo, mama wa mama wa mama, akaishia kwangu. Wakasema, Semeni amerudi. Vigelegele.

Nilikuwa natazama siafu kwenye ukingo wa mkeka.

Mjomba Benedikto akavua kofia. Akapiga magoti, mzee mzima, akasema, "Shikamoo, dada." Watu wakacheka kwa furaha. Nikasema, "Marahaba." Sauti haikuwa ya darasani wala ya kwangu ya siku zote.

Kisha akasimama amuage Baba. Akaanza vizuri. Shemeji ametutunzia dada yetu, shemeji hakuwa mgomvi, shemeji ni mchapakazi. Baba amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa lile koti, begi miguuni. Alishajipanga kama mtu anayesubiri gari.

Nikasema, "Benedikto."

Jina lake, kavu. Sijawahi maishani mwangu. Nilimwona Deo akishtuka. Mjomba akanyamaza katikati ya sentensi.

Nikasema, "Huyu nilimleta mimi. Mji ni wangu na sijamfukuza. Anakaa."

Mjomba alinitazama muda mrefu. Nilitegemea atacheka au anifokee niache utoto. Alikuwa anatazama kanga. Halafu akasema, "Kwani karafuu hazikulowa, dada?"

Nikasema, "Zililowa kwa sababu sikuwepo. Nimerudi."

Sijui ilitoka wapi. Sikuwa nimeipanga. Mjomba akainamisha kichwa. Akasema basi, dada amesema. Akakaa, akaomba togwa. Mama mdogo akapiga kigelegele kimoja, kirefu, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaanza kugombeza watu kwamba pilau linapoa.

Baba hakuinua macho. Watu walipokuwa wanakula alichukua begi lake, akaingia nalo ndani.

Jioni hii naandika. Sina furaha, sina huzuni. Nina wasiwasi mmoja tu. Tumemgombania Baba kama shamba, Mjomba na mimi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kubaki kwenye nyumba hii bila Mama. Hata mimi sikumuuliza.

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza. Waumini wawili wameniita Semeni. Niligeuka mara moja, nikajishangaa.

Mchana watu wote walikuwa barazani wanachambua, karafuu za mchumo wa pili ziko juani. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anapalilia. Tangu jana kaniambia tu chumvi imezidi kwenye mboga.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia harufu. Udongo wenye unyevu, na majani. Nilitoa kichwa dirishani, nje jua kali. Nikarudi kwenye nazi. Harufu ikaja tena.

Nikapaza sauti. "Anueni!"

Deo alisimama barazani na konzi ya karafuu mkononi, anatazama mlango wa jiko.

Kutoka nyuma ya nyumba nikasikia jembe linawekwa chini. Baba akasema, "Naja."

Nilikuwa nimeshika mbuzi ya nazi kwa mikono miwili.

"Naja, mwenye mji."

Watu wote wakanyanyuka. Tulivuta maturubai, watoto wakashika mikeka, Mama mdogo anapiga kelele tusimwage. Baba alishika pembe moja ya turubai, mimi nyingine, tukakunja, tukakutana katikati. Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti mbele ya watoto wa Deo, kamasi na yote, na Baba akaendelea kushikilia pembe zake mpaka nikamaliza, kisha akaniambia niangalie nazi isiungue.

Nazi ilikuwa haijawekwa hata motoni.

Mvua yenyewe ilikuwa ndogo, imenyesha na kupita. Karafuu ni kavu. Kesho Sabasaba tunarudi mjini, shule zinafunguliwa Jumanne. Nimemwachia Baba kanga ya Mama kwenye msumari wa jikoni, pale ilipokuwa.