Jembe Limeshonwa kwenye Gauni

Shoga, nimejifungia chooni. NIMEKWISHA.

Unakijua kile kitambaa ninachodarizi kwa siri, kwa mishono ya misalaba myekundu, maneno MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE? Nilikuwa nacho mapajani, mama mkwe akaingia kutoka sokoni. Nikaruka kumpokea kikapu.

Kumbe lile JEMBE nimelishona pamoja na gauni langu! Kitambaa kinaning'inia mbele kama bendera. Mbele ya mtu aliyekuja kwangu "kusalimia" tangu mwezi uliopita!

Akasoma. Akarudia, kwa SAUTI.

Nikajitia kucheka: "Methali tu hiyo, mama."

Akainua pindo la kitambaa akakagua nyuma ya mishono. NYUMA, shoga!

"Mwanangu, mbona mafundo matupu? Nani alikufundisha kudarizi?"

Nikamwambia nimejifundisha mwenyewe.

"Inaonekana. Basi siondoki mpaka ujue."