Uzi wa bluu wa Mukhtar

Maimuna, wacha kila kitu usome hii.

Unajua huyu bwanangu Mukhtar na uvuvi wake wa Jumapili huko Rukala. Kila akishika samaki, anapiga picha naye, anamrudisha mtoni, anajiona mtu safi kuliko wavuvi wote.

Leo tumefika tukapata ng'ombe wa Mama Teresa, yule jirani wa pale mtoni, amekufa, yule yule wa maziwa ya chai yetu. Wamempasua koo waone kilichomuua. Ndani kuna ndoano na uzi wa bluu. Bluu, Maimuna. Ni ule wa Mukhtar, ulikatika wiki jana akivua, akauacha tu kwa nyasi.

Akaanza kusema ati yeye hurudisha samaki wote.

Mama Teresa hakupiga kelele. Alimwambia tu:

"Samaki unarudisha. Huyu wangu sasa utamrudisha aje?"