Pazia Si Mlango

Jericho, Jumanne. Baridi, na mawingu tangu asubuhi. Nguo kwenye kamba zimekataa kukauka.

Leo nimefanya jaribio la kazi ya kufunza akili bandia. Nikifaulu, naacha kukunja suti katika duka la binamu yangu kule Eastleigh. Nikianguka, kesho nazikunja tena.

Nilidhani akili bandia ni mambo ya maprofesa. Kumbe ni kazi ya vidole. Picha inakuja, unachora kisanduku kuzunguka kitu, unakitaja: mbwa, gari, mlango. Mashine ikishaonyeshwa milango mingi, inaanza kukisia yenyewe mlango hufananaje.

"Usiiogope," Beryl, msimamizi wetu, alituambia. "Haijui kitu. Itajua tu chenye utaiambia."

Nilikuwa naenda vizuri. Kisha ikaja picha ya nyumba kama zetu, pazia la maua likining'inia pa kuingilia. Nikachora kisanduku, nikaandika mlango.

Skrini ikawa nyekundu. Kosa.

Nyumba ya pili, pazia la samawati. Nikaandika mlango. Nyekundu tena.

Hapo nilikasirika. Kwetu mlango wa mbao hufunguliwa asubuhi ukaegemezwa ukutani, na kutwa nzima pazia ndilo linalofanya kazi. Unasimama mbele yake unabisha hodi. Ukilishika kabla hujakaribishwa, Mama atakufunza adabu. Ule wa mbao ni wa usiku, na wa wezi.

Nikamwita Beryl, ambaye amekulia mtaa huu huu. Aliitazama picha kitambo.

"Hata kwetu ni hivyo, siste. Lakini mwongozo unasema pazia ni kitambaa. Ukikosa tena, uko nje."

Ikaja nyumba nyingine, na pazia lake, na swali: kuna mlango hapa?

Nikachagua: hakuna.

Kijani.

Nimefaulu. Nilifurahi, sitadanganya, hata nikapitia mandazi sokoni. Mama alinicheka: "Sasa wewe ndiye mwalimu wa kompyuta?" Lakini aliitangaza habari ploti nzima.

Jioni jirani yetu, Mama Kevo, alikuja kunipongeza. Akasimama nje ya pazia kama kawaida yake.

"Hodi! Wenyewe mko?"

"Ingia tu," Mama akamjibu kutoka jikoni. "Si mlango uko wazi?"

Nikainamia simu yangu, nikajifanya sikusikia.

Kesho naanza kazi. Sijui nitaiambia mashine mara ngapi kwamba nyumba zetu hazina milango.