Viatu vya Don Goyo

Mdogo wangu Eufrasia,

Huku salama, bata mzinga ametotoa. Mume wangu Celerino anajiandaa kupanda volkano Jumapili, kumpelekea Don Goyo, mlima wetu, suruali na kofia mpya za siku yake ya kuzaliwa, kama kila mwaka. Kamba tayari, mikate tayari. Jana nikafungua mkoba wake: sketi nyekundu na viatu vya kike.

"Tangu lini Don Goyo akavaa sketi?"

"Mambo ya mlima niachie mimi," akajibu, jasho likimtoka kwenye baridi hii.

Viatu nimevijaribu. Vidogo mno. Kwetu miguu midogo hivyo ni yako tu.

Njoo Jumapili, tupande sote watatu. Usihangaike na viatu; vyako viko hapa.

Dada yako anayekungoja mlangoni,
Hermelinda